Taa nyekundu ya breki imewaka: chunguza kwanza, ongeza baadaye

Wakuu, somo la leo ni taa ya breki kwenye dashibodi, na kidogo kuhusu oili na maji mengine ya gari unayoweza kuyaangalia mwenyewe nyumbani. Breki zitachukua nafasi kubwa kwa sababu ya tabia moja: taa ikiwaka, mtu anamimina mafuta ya breki, taa inazima, safari inaendelea. Kilichoiwasha bado kipo.

Jua kwanza ni taa ipi. Nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara ni ya breki zenyewe. Ya njano yenye herufi ABS inahusu mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu. Hiyo ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zinashika, na mara nyingi kosa ni sensa ya gurudumu iliyochafuka au waya wake uliokatika. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, simama. Mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma unaweza kuwa umekufa. Matairi ya nyuma yakijifunga mapema, gari linazunguka.

Hatua ya 1. Fungua swichi bila kupiga stati. Taa hizi ziwake, kisha zizime injini ikishawaka na hendibreki ikiwa chini. Isiyowaka kabisa hapa ni mbaya pia, maana hata siku ya hatari haitakuambia kitu.

Hatua ya 2. Vuta hendibreki, ishushe mpaka mwisho. Swichi yake ndogo hukwama. Taa ikicheza ukiugusa mkono wa hendibreki, umeshapata jibu.

Hatua ya 3. Gari likiwa pahala tambarare, fungua boneti utafute kopo la mafuta ya breki, kwa kawaida nyuma ya injini upande wa dereva. Soma alama za MIN na MAX kwa nje. Usifungue kifuniko bila sababu, maana mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani.

Hatua ya 4. Hapa ndipo pa kutulia. Kiwango kikishuka, ama pedi (vipande vinavyobana diski ya gurudumu) zimelika, ama panavuja. Pedi zikiisha, pistoni za kalipa (kifaa kinachozisukuma pedi) hutoka nje zaidi na mafuta hujaza nafasi iliyobaki nyuma yake, kwa hiyo kopo hupungua taratibu kwa miezi. Chungulia kupitia matundu ya rimu: pedi ikibaki na milimita 3 hivi, ni ya kubadilishwa. Ukijaza mpaka MAX kabla ya hapo, siku fundi akisukuma pistoni ndani ili afunge pedi mpya, kopo litafurika, na mafuta ya breki hubabua rangi ya gari. (Yakimwagika, osha kwa maji mengi papo hapo.)

Yakishuka kwa siku chache, tafuta uvujaji: upande wa ndani wa kila tairi, mipira ya kupitishia mafuta ya breki, maungio ya paipu, na juu ya pedali ndani ya gari. Kisha kanyaga pedali uishikilie nusu dakika. Ikiendelea kuzama, ama panavuja, ama masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) imechoka kwa ndani hata kama huoni tone. Gari hilo lisiendeshwe, libebwe.

Hatua ya 5. Ukiongeza, fuata aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za glikoli. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu inachemka, inatoa mvuke, na mvuke hubonyea, pedali ikagusa sakafu. Ndiyo maana magari mengi hutaka mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu usiitumie.

Mengine ni mepesi. Oili ya injini: zima, subiri dakika 10, futa kijiti, chovya, soma. Kulanti (maji ya kupozea injini): soma kwenye kopo lake injini ikiwa baridi, na usifungue rejeta ya moto hata kidogo. Oili ya giaboksi ya otomatiki ina utaratibu wake kwa kila gari, na mengine hayana kijiti kabisa. Soma kitabu cha gari.

MASWALI

Mkuu, taa yangu nyekundu inawaka nikikata kona tu, kisha inazima.

Mafuta yamekaribia MIN. Yakiegemea upande mmoja, boya la sensa linashuka. Rudi hatua ya 4 kabla hujagusa chupa.

Kuna mtu aliongeza oili ya injini kwenye kopo la breki, kidogo tu. Nifyonze niendelee?

Hapana, na usiliwashe kwenda popote. Oili hiyo huvimbisha raba zote za mfumo. Kufyonza kopo hakutoshi. Mfumo usafishwe, na raba na mipira iliyoguswa ibadilishwe.

Oili kwenye kijiti imekuwa na rangi ya maziwa.

Kulanti inaingia kwenye injini, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na kichwa chake) iliyoharibika. Usiiwashe. Ila povu jepesi chini ya kifuniko pekee, kwa gari la safari fupi fupi, linaweza kuwa unyevu tu. Pima kiwango cha kulanti kwa siku kadhaa.

Nimefunga pedi mpya, pedali ikaenda hadi chini!

Umeipampu kabla ya kuondoka? Pistoni zikirudishwa ndani, kanyaga mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka pedali iwe ngumu, kisha soma kopo tena. Ikibaki laini, kuna hewa, itolewe kwanza.