Chupa A na chupa B: kupima kinga ya piRNA kwenye ovari za nzi wa matunda

Wale nzi wadogo wanaozingira ndizi mbivu, Drosophila melanogaster, wanaweza kukuonyesha kwa macho yako jinsi vipande vifupi vya RNA, viitwavyo piRNA, vinavyolinda seli za uzazi. Hakuna haja ya mashine ya kusoma DNA. Tenga wiki mbili, uwe na hadubini ya kupasulia, vibanio viwili vyenye ncha kali na koo mbili za nzi.

Ukoo wa kwanza ni Canton-S, wafugwao maabara tangu zamani. Wa pili ni Harwich, waliokamatwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1967. Harwich wamebeba transposoni iitwayo P, kipande cha DNA chenye herufi 2,907 kinachojikata kilipo na kujipachika kwingine kwenye jenomu, yaani DNA yote ya nzi. Canton-S hawana hata nakala moja. P iliingia kwa nzi hawa kutoka kwa jamaa yao, Drosophila willistoni, ikaenea porini katika karne ya 20, wakati Canton-S tayari wako ndani ya chupa.

Hatua ya 1: kusanya majike mabikira. Asubuhi toa nzi wakubwa wote kwenye chupa zenye mabuu-bwete, kisha rudi kabla ya masaa 8 kupita, kwa joto la nyuzi 25. Bikira ana mwili uliopauka, na tumboni linaonekana doa la rangi iliyokoza: mabaki ya chakula chake cha mwisho alipokuwa buu. Ukiwa na shaka, muache. Mimi niliwahi kumhurumia jike mmoja wa shaka kwa kuwa nilikuwa na wachache. Alikuwa ameshapandwa na dume wa ukoo wake, na hesabu ya chupa nzima ikaharibika.

Hatua ya 2: pandisha. Chupa A, majike 10 wa Canton-S na madume 10 wa Harwich. Chupa B ni kinyume chake: majike wa Harwich, madume wa Canton-S. Weka zote mbili kwenye nyuzi 29, na baada ya siku tatu ondoa wazazi. Andaa na chupa C, iliyo sawa na A, ila ikae nyuzi 18. Joto lina uzito mkubwa hapa. Kwenye baridi ovari nyingi hukua salama, nawe utadhani jaribio limefeli.

Kabla hujaendelea, tafakari jambo hili. Mabinti wa A na wa B wana kromosomu zile zile, nusu Canton-S, nusu Harwich. Ukiacha mitokondria, tofauti yao ni mama tu.

Hatua ya 3: wakianguliwa, wape mabinti hamira iliyokorogwa na maji kwa siku tatu, pamoja na madume kadhaa. Usiruke hatua hii, kwa sababu jike mwenye njaa huwa na ovari nyembamba hata akiwa mzima.

Hatua ya 4: pasua. Walaze nzi juu ya barafu, halafu mweke mmoja ndani ya tone la maji ya chumvi. Kibanio kimoja kishike kifua. Kingine kibane ncha ya tumbo na kuvuta polepole. Binti wa B atakutolea mafungu mawili meupe, yamejaa kama mikungu ya ndizi. Kila fungu lina nyuzi 16 hivi za mayai yaliyopangana kwa ukubwa, na yai lililokomaa lina vijipembe viwili kichwani. Kwa binti wa A utaona utumbo na mirija ya hewa, kisha mwisho kabisa wa njia ya mayai vinundu viwili vinavyopitisha mwanga. Wengi hudhani wameipoteza ovari wakati wa kuvuta. Angalia tena: ndiyo hiyo. Andika kwa kila nzi: ovari mbili, moja, au hakuna.

Inaniuma kila mara, maana binti wa A kwa nje hana kasoro. Anaruka, anakula, anapandwa. Introni ya tatu ya P, kipande cha RNA yake ambacho lazima kikatwe ili protini kamili itengenezwe, huondolewa kwenye seli za uzazi tu, hivyo kimeng'enya cha kurukia hutengenezwa humo pekee, na madhara ya P huishia humo.

Kilichomwokoa binti wa B kilikuwa ndani ya yai. Mwaka 2008 mtafiti Julius Brennecke na wenzake walionyesha kuwa mama hurithisha piRNA, vipande vya nyukleotidi 23 hadi 29 vilivyobebwa na protini za Piwi na Aubergine. Vinatoka kwenye maeneo ya jenomu yaliyojaa mabaki ya transposoni za kale, kama eneo la 42AB. Piwi huingia kwenye kiini, na ikiikuta RNA ya transposoni inanakiliwa husababisha kromatini ya hapo (DNA na protini zinazoifunga) ifungwe isinakiliwe. Aubergine hubaki nje, kando ya kiini, ikikata. Mkato wake huangukia mkabala na herufi ya 10 na ya 11 za piRNA, kati yake, na kipande kinachobaki huchukuliwa na Ago3, protini nyingine ya jamii hiyo, ambayo nayo hukata RNA ya yale maeneo na kuipa Aubergine piRNA mpya. Kadiri adui anavyonakiliwa, ndivyo silaha zinavyoongezeka. Mama wa Canton-S hakuwahi kukutana na P, kwa hiyo hakuwa na cha kumwachia mwanawe.

Hatua ya 5, ukiwa na subira: tengeneza chupa nyingine ya A, uilee kwenye nyuzi 25 na usiwamalize mabinti wote mapema. Kundi la mtafiti William Theurkauf lilionyesha mwaka 2011 kwamba mabinti wa namna hii wanapozeeka hurudisha uwezo wa kuzaa, na piRNA dhidi ya P huanza kutengenezwa ndani yao wenyewe. Wabadilishie chakula kila siku mbili tatu hadi siku ya 21, kisha pasua kumi na utafute vile vijipembe viwili.