Mbwa na kuku: acheni kumchapa mbwa baada ya kuku kufa

Kila msimu wa vifaranga malalamiko ni yaleyale: mbwa amekula kuku. Nikimuuliza mfugaji amechukua hatua gani, jibu ni kwamba amemchapa. Lini? Jioni, aliporudi shambani akakuta manyoya uani. Wengine humfunga mbwa mzoga wa kuku shingoni siku mbili tatu "ili akome". Wiki inayofuata kuku mwingine ameuawa, na mbwa sasa anamkimbia mwenye nyumba.

Fimbo hiyo haimfundishi mbwa lolote kuhusu kuku. Mbwa huunganisha adhabu au zawadi na jambo analolitenda wakati huohuo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukimwita akaja, kisha ukamchapa kwa kuku aliyekufa saa tatu zilizopita, umemchapa kwa kosa la kuitikia. Ndiyo maana siku utakapomwona anamfukuza tetea ukamwita, hatageuka.

Mtaniambia anajua kosa lake, kwani huinamisha masikio na kufyata mkia. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio la mbwa 14 na wenye nao. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, akatoka chumbani. Aliporudi, wakati mwingine aliambiwa mbwa amekula ilhali hakula. Sura ile ya majuto ilionekana zaidi pale mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula, na waliokaripiwa bila kosa ndio walioionyesha zaidi. Ni hofu ya hasira yako, ndugu mfugaji.

Mzoga shingoni ni mbaya zaidi. Nyama iliyooza inaweza kuwa na sumu ya botulizimu, inayopoozesha mbwa. Na kama kuku yule alikuwa na mdondo, umempa mbwa kazi ya kuuzungusha ugonjwa kijiji kizima.

Kinachomwamsha mbwa ni mwendo: kuku anakimbia, anapiga mabawa, analia. Mbwa aliyeshiba naye hufukuza, kwa hiyo kumwongezea ugali hakutoshi. Vifaranga wengi hufia mdomoni mwa mbwa mdogo aliyekuwa anacheza tu. Mnaowafungia mbwa mchana kutwa na kuwafungua usiku mnaongeza tatizo, maana mbwa wa namna hiyo humwona kuku kwa karibu siku mlango uliposahauliwa wazi.

Mzoeshe mapema. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 mtoto wa mbwa hupokea viumbe wengine kwa urahisi kuliko wakati wowote baadaye. Akifika kwako na wiki 8, anza wiki hiyohiyo, si akishatimiza miezi sita.

Tumia kamba ya mita 2. Simama naye mita 10 kutoka kwa kuku walio ndani ya uzio, saa 10 alasiri wakiwa wametulia. Usichague asubuhi wanapofunguliwa na kutimka. Kaa naye dakika 5, mara mbili kwa siku. Mara tu anapoacha kuwatazama kuku na kukugeukia, mpe kipande cha dagaa ndani ya sekunde moja. Nimesema moja! Ukianza kupekua mfukoni umeshachelewa, kwa hiyo dagaa wakae kiganjani tangu mwanzo. Akikakamaa, akakodoa macho au akakataa dagaa, mko karibu mno: rudini nyuma mita 3. Sogea mita 1 tu baada ya siku tatu mfululizo za utulivu. Wengi wenu siku ya kwanza ikienda vizuri, siku ya pili mnaruka kutoka mita 10 hadi mita 2. Hapo ndipo kuku wanapokufa.

Baadaye mwachie uani akiburuta kamba ya mita 10, pamoja na kuku wakubwa kwanza, vifaranga mwisho. Akianza kufukuza, kanyaga kamba na sema "Acha!" papo hapo. Usimkimbilie ukipiga kelele, maana unazidisha mchezo. Usimwache peke yake na kuku kabla ya miezi 18, hata kama hajawahi kuwagusa.

Inawezekana kabisa. Kwenye kisiwa cha Middle Island, Australia, mbweha waliwaua pengwini wadogo (ndege wa baharini wasioruka) hadi wakabaki chini ya 10 mwaka 2005. Mwaka 2006 waliwekewa walinzi, mbwa wa kulinda mifugo aina ya Maremma, na wazo lilitoka kwa mfugaji wa kuku ambaye mbwa wake walikuwa wakilinda kuku wake.

Akilala karibu na kuku wanaodonoa bila kuwajali, amefuzu.

Mbwa mkubwa aliyekwisha kuua kuku mara kadhaa ni habari nyingine. Huyo mtenganishe: uzio wa mita 1.8, waya uzame ardhini sentimita 30 kwa sababu atachimba, naye afunguliwe tu baada ya kuku wote kuingia bandani. Waya mwembamba wa kuku ataurarua, hivyo chini weka mbao au waya mzito. Na kila kuku anayekufa azikwe siku hiyohiyo, kina cha mita 1, kabla mbwa hajamfikia.