Namba ndani ya kola
Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wa Goma, Kongo, ililipuka 1977, ikalipuka 2002, ikarudi tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mara hiyo ya mwisho watoto wengi walipotezana na wazazi, huku umati ukikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na mwingine Sake, magharibi ya Goma. Kwa hiyo, wazazi wa Goma, mtoto ajue namba yenu ya simu kwa kichwa, na asiyejua kusoma mwandikieni kwa kalamu isiyofutika ndani ya kola ya shati. Kubalianeni pia pa kukutania, mahali pawili, kila upande wa mji, maana lava ndiyo inayochagua njia itakayobaki wazi. Karatasi za parsele (kiwanja) na diploma zikae mfuko mmoja karibu na mlango. Magodoro yaacheni (najua, inauma).