Kupanga siku ya pwani Dar es Salaam kwa kufuata maji

Anayetaka kwenda pwani kwa siku moja, aogelee na pia awaone viumbe wa baharini, aangalie mwezi kwanza kabla ya kuchagua ufukwe. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni maji ya bamvua, yaani bahari hupwa na kujaa kuliko kawaida, na hapa Dar es Salaam bamvua ina saa zake: maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo asubuhi ni ya kutembea mwambani na alasiri ni ya kuogelea. Wakati wa maji mafu, yaani yanapopwa na kujaa kidogo tu, takribani wiki moja baadaye, miamba haifunuki vya kutosha.

Kwa familia isiyotaka gharama ya boti, napendekeza Coco Beach. Fikeni mapema, mkiwa mmevaa raba kwa sababu miamba inakata, na myafuate maji yanavyorudi nyuma. Msipite vidimbwi kwa haraka. Pweza hujulikana kwa lundo dogo la magamba ya kaa na makome matupu mbele ya shimo lake. Mkichuchumaa kimya kwa dakika chache, huenda mkaliona jicho likichungulia na ngozi ikibadilika rangi ifanane na jiwe. Jiwe lililofunuliwa lirudishwe lilivyokuwa, maana wanaoishi chini yake hufa kwa jua. Maji yakianza kujaa, rudini mara moja, kwa kuwa ya bamvua huja kwa kasi.

Wapenda ndege waende Kunduchi kwenye mikoko, kati ya Septemba na Aprili, wakati sululu na vitwitwi kutoka Ulaya na Asia wanapokuwapo. Maji yanayojaa huwasogeza karibu na nchi kavu.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975: kuna kiingilio, na hairuhusiwi kuvua wala kuchukua matumbawe. Boti za Mbudya huondokea Kunduchi, na za Bongoyo huondokea Msasani. Upepo wa kusi huchafua bahari katikati ya mwaka. Wakati wa matlai, upepo mwanana wa kwenye Novemba, bahari huwa tulivu na hufaa kwa kutazama samaki. Kabla ya kupanda, hakikisheni kila mmoja amepata jaketi la kujiokolea, na mkubaliane na nahodha saa ya kurudi.