Namna ya Kuchambua Changamoto za India: Mpaka, Ajira na Mahusiano ya Nje

Mwezi Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na huko Mtwara na Lindi, ambako zao hilo lilikuwa likilimwa kwa kutegemea soko hilohilo, bei ikaporomoka. Wengi waliichukulia hatua hiyo kuwa ugomvi wa kibiashara. Ukweli ni kwamba chimbuko lake lilikuwa ndani ya India kwenyewe: ukame wa miaka ya 2014 na 2015 ulipandisha bei ya dali, yaani nafaka za jamii ya kunde zilizokobolewa, serikali ikawahimiza wakulima wake walime mazao ya jamii hiyo, mbaazi zikiwemo, kwa wingi, nao walipovuna kupita matarajio bei ya shambani ikaanguka na kikomo kikawekwa ili kuwanusuru. Anayetaka kuichambua India na aanze na mfano wa namna hii, kwa kuwa humo sera ya nje, maendeleo ya vijijini na hofu ya serikali juu ya kura vimo katika gunia moja.

Kazi ya kwanza ni kuiweka ramani mezani kabla ya kusoma hotuba yoyote. Tafuta Siliguri, ukanda mwembamba wenye upana wa kilomita 20 hivi katika sehemu yake iliyo finyu zaidi, uliobanwa kati ya Nepal na Bangladesh. Majimbo yote ya kaskazini-mashariki yameunganishwa na India nyingine kwa shingo hiyo. Kisha fuata safu ya Himalaya uone kwamba India inapakana na mataifa mawili yenye silaha za nyuklia ambayo imewahi kupigana nayo, Pakistan na China, na ambayo yenyewe kwa yenyewe ni marafiki wa siku nyingi.

Ukishaziona pande hizo mbili, usizichanganye. Migogoro na Pakistan huzuka ghafla, huonekana na dunia nzima, na huisha kwa muda mfupi bila kutatuliwa. Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir. India iliituhumu Pakistan, ambayo ilikana kuhusika, na siku iliyofuata India ikatangaza kusimamisha utekelezaji wa mkataba wa nchi hizo mbili wa kugawana maji ya mto Indus wa mwaka 1960, uliokuwa umestahimili vita kadhaa. Mashambulizi ya India yalianza tarehe 7 Mei na mapigano yakasitishwa tarehe 10. Upande wa China mambo huenda polepole, lakini ndiko mzigo ulipo. Baada ya mapigano ya bonde la Galwan mwezi Juni 2020, ambamo askari 20 wa India walikufa, kila upande ulipeleka makumi ya maelfu ya askari kukaa majira ya baridi katika milima ambako hata kupumua ni shida. Makubaliano ya doria yalipatikana Oktoba 2024, lakini hayakuuweka mpaka wenyewe. Mchambuzi anayeandika kurasa kumi kuhusu Pakistan na aya moja kuhusu China amevutwa na kelele.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo ningependa msomaji aitumie muda mrefu zaidi, ni kuchukua uamuzi mmoja na kuufuatilia mpaka uone unamgusa nani. Chukua mpango wa Agnipath uliotangazwa Juni 2022, ambao chini yake askari wa vyeo vya chini huajiriwa kwa miaka 4 tu, kisha hadi robo yao hubakizwa jeshini na waliosalia hurudi uraiani bila pensheni. Ukiutazama kwa jicho la ulinzi utasema ni njia ya kupata jeshi lenye vijana wengi. Fungua bajeti, utaona kwamba pensheni zilikuwa zikila zaidi ya moja ya tano ya fedha za wizara ya ulinzi, fedha ambazo zingenunua ndege na nyambizi. Nenda Bihar, jimbo ambalo wastani wa pato la mtu ni karibu theluthi moja ya wastani wa taifa, na ambako kazi ya jeshi ni miongoni mwa ajira chache za kudumu anazoweza kuzitumaini kijana wa kijijini. Huko vijana walifunga reli na kuchoma treni. Halafu vuka mpaka uingie Nepal, ambayo raia wake, Wagurkha, wamekuwa wakiajiriwa katika jeshi la India kwa mujibu wa makubaliano ya mwaka 1947: serikali ya Kathmandu ilisema masharti mapya hayaendani na makubaliano hayo, na uandikishaji ukakwama. Uamuzi uliofanywa kwa sababu ya hesabu za fedha ukaleta ghasia nyumbani na kutia doa uhusiano na jirani ambaye China nayo inamwania.

Katika kuusoma uchumi, jihadhari na namba kubwa za jumla. India ilipita China kwa idadi ya watu mwaka 2023 na uchumi wake ni miongoni mwa mikubwa mitano au sita duniani, lakini zaidi ya asilimia 40 ya wafanyakazi wake wako kwenye kilimo, sekta inayotoa chini ya moja ya tano ya pato la taifa. Viwanda, vilivyotarajiwa kuwapokea watu hao, havijafika asilimia 25 ya pato iliyokusudiwa mpango wa kuhimiza viwanda ulipozinduliwa mwaka 2014. Kumbuka pia mwaka 1991, akiba ya fedha za kigeni ilipobaki ya kulipia bidhaa za wiki chache tu hata dhahabu ya taifa ikawekwa rehani nje ya nchi. Kizazi cha watawala kilichoona hayo hakikusahau, na mageuzi ya uchumi yalianza mwaka huohuo.

Sasa uingie sera ya nje, na hapa soma mikataba na ankara kuliko matamko. India haina mafuta ya kutosha. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ghafi inayotumia hutoka nje. Kabla ya vita vya Ukraine, Urusi ilikuwa ikiiuzia kiasi kidogo mno. Bei ya mafuta ya Urusi iliposhuka baada ya vikwazo vya mwaka 2022, sehemu ya Urusi ikapanda hadi theluthi moja na zaidi. Marekani, inayoihitaji India dhidi ya China, ilijibu Agosti 2025 kwa kupandisha ushuru wa bidhaa nyingi za India hadi asilimia 50. Na China yenyewe, pamoja na yote ya Galwan, huiuzia India bidhaa za zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka, zikiwemo vipuri vya simu na malighafi za dawa. Neno la zamani la kutofungamana na upande wowote halitoshi kuyaeleza haya. India ya leo hufungamana na kila upande kwa jambo moja moja.

Bahari ya Hindi ni somo linalojitegemea, ila usiiache kabisa: kituo cha jeshi la China kilichofunguliwa Djibouti mwaka 2017 ni sehemu ya sababu za India kujenga uwanja wa ndege Agalega, Mauritius, na kufanya mazoezi ya pamoja ya wanamaji Dar es Salaam mwezi Aprili 2025.

Mwisho, tengeneza kalenda ya kufuatilia. Bajeti ya India husomwa tarehe 1 Februari; linganisha fungu la pensheni za jeshi na fungu la ununuzi wa silaha. Mvua za monsuni hufika Kerala mwanzoni mwa Juni. Zikichelewa, tarajia vizuizi vya kuuza chakula nje, kama ule wa mchele mweupe wa Julai 2023. Kwa anayefanya biashara ya mbaazi, tarehe ya kuzungushia duara ni 31 Machi, kwa kuwa ruhusa ya kuingiza zao hilo bila kikomo, iliyorejeshwa mwaka 2021, imekuwa ikiongezwa kwa mwaka mmoja mmoja hadi siku hiyo.