Majira ya baridi yanapoanza: namna ya kulinda bustani ya nyumbani isiunguzwe na jalidi

Bustani nyingi hazifi katikati ya majira ya baridi. Hufa mwanzoni, katika usiku mmoja mtulivu wenye nyota nyingi, wakati mwenyewe bado anahesabu kwamba ana wiki mbili. Kazi zote hapa chini zina maana, lakini hatua ya tatu ndiyo yenye kuokoa au kuua.

Hatua ya 1: Vuna visivyostahimili baridi

Nyanya, pilipili hoho, matango na maharagwe havivuki jalidi ya kwanza, yaani baridi inayogandisha umande juu ya majani. Chuma nyanya zilizokomaa hata kama bado ni za kijani, uziweke ndani penye nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Kwenye jokofu haziivi. Sukuma wiki, kabichi na karoti ziache shambani. Baridi huzifanya tamu zaidi, kwa kuwa mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari ili kujikinga.

Masalia yenye ugonjwa usiyatupe kwenye lundo la mboji.

Hatua ya 2: Mwagilia asubuhi

Udongo mkavu hauhifadhi joto. Ukiwa na unyevu, hufyonza joto la jua mchana na kulitoa taratibu usiku. Unyevu tu, si matope.

Hatua ya 3: Funika

Joto linalookoa mmea usiku hutoka ardhini, halitoki kwenye shina wala majani. Kifuniko hakizalishi joto, kinalizuia lisipotee angani. Kwa hiyo ukifunga shuka kwenye shina kama kilemba, umelifungia joto nje! Shuka lazima lishuke mpaka chini pande zote, na kingo zake zikandamizwe kwa mawe, matofali au udongo. Tundu dogo upande mmoja linatosha kuharibu kazi yote.

Chomeka kwanza vijiti vinne au matao ya mianzi, ili kifuniko kipite juu ya majani kwa vidole vinne hivi. Jani linalogusa kifuniko huungua palepale lilipogusa, na nailoni ndiyo mbaya kuliko vyote, maana hupitisha baridi moja kwa moja. Chagua kitambaa: shuka kuukuu, blanketi jepesi, au kile kitambaa cheupe cha bustani kinachouzwa kwa kufunikia mimea. Kama ni hicho cha bustani, nunua cha gramu 30 kwa mita ya mraba. Cha gramu 17 ni chepesi mno na huchanika kwa upepo wa kwanza. Mvua ikitarajiwa, tandaza nailoni juu ya kitambaa, kwani kitambaa kilicholowa huganda na hakifai kitu.

Ni usiku upi wa kufunika? Usingoje utabiri useme sifuri. Vituo vya hali ya hewa hupima joto mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, na usiku usio na mawingu wala upepo, hewa iliyo karibu na udongo huwa baridi zaidi ya hapo. Utabiri ukisema nyuzi 3 au 4 na anga halina mawingu, funika. Funika jua likiwa bado halijazama, kabla udongo haujapoteza joto lake. Madumu ya maji yaliyowekwa chini ya kifuniko husaidia pia, kwani maji hupoa polepole.

Asubuhi usikimbilie kufunua. Baridi kali zaidi huwa karibu na mawio. Ngoja joto lipande juu ya sifuri, kisha funua kabisa. Chini ya nailoni, jua la saa nne laweza kuivisha miche iliyonusurika usiku kucha.

Hatua ya 4: Matandazo

Sentimita 5 hadi 10 za majani makavu au nyasi, yasiguse shina, lisije likaoza. Tahadhari: matandazo hulifungia joto chini ya udongo, hivyo mmea dhaifu ulio juu yake hupata baridi zaidi. Weka kwenye karoti, vitunguu saumu na miti michanga. Chini ya miche unayoifunika kila usiku, acha udongo wazi.

Hatua ya 5: Maji na vyungu

Toa maji yote kwenye mpira na bomba la nje. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua chochote. Vyungu vya udongo viinue kwa vipande vya matofali ili maji yatoke, kisha visogeze ukutani.

Hatua ya 6: Mkasi uweke ndani

Matawi yaliyounguzwa na jalidi yana sura mbaya, lakini yanayakinga machipukizi ya chini. Ukipogoa sasa, mmea huweza kuchipua mapema na chipukizi hilo likafa. Subiri majira ya kuchipua, ukwaruze gome kwa ukucha: penye kijani pako hai, penye kahawia kata.