Jambo baya likikuganda kichwani, usilikimbie, ufundishe ubongo upya

Tuseme uling'atwa na mbwa. Kidonda kimepona kitambo, hata kovu limefifia, ila ukisikia tu mnyororo unakwaruza nyuma ya geti tayari viganja vimelowa jasho na moyo unakwenda mbio, na mbwa mwenyewe hujamuona. Watu watakwambia we muoga. Jamani, huo sio uoga, ni ubongo unafanya kazi yake.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kitu kidogo chenye umbo la lozi kinaitwa amigdala, hiyo ndo kengele ya hatari. Mwanasayansi Joseph LeDoux alichunguza panya akaonyesha sauti ya hatari inaweza kufika pale kwa njia mbili, moja ya mkato na nyingine ndefu inayopitia kwanza kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na ile ya mkato ndo inatangulia. Kwa hiyo usijilaumu kwa kushtuka, mwili umeshashtuka kabla hujashirikishwa.

Ukishtuka, toa pumzi taratibu, iwe ndefu kuliko uliyovuta, mapigo yatashuka. Halafu itaje hisia kwa jina lake, sio "najisikia vibaya", sema "nina hofu" au "nimeaibika" au "nina hasira". Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walipima ubongo wa watu wanaoangalia picha za nyuso zenye hisia kali, wakaona mtu akiitaja ile hisia kwa neno, amigdala inapoa. Kuimeza hisia ukakaza uso hakusaidii, kunaficha uso tu, ndani mwili bado unachemka.

Sasa hapa ndo penye kazi. Kila ukikwepa lile geti unapata nafuu, na hiyo nafuu ndo inauambia ubongo "unaona, kukwepa kumetuokoa", kesho hofu inakuwa kubwa zaidi. Na kumbukumbu ya hofu kwa kawaida haifutiki, kinachotokea ni ubongo kuandika nyingine mpya ya usalama, halafu sehemu ya mbele ya ubongo inaitumia hiyo kuinyamazisha kengele, lakini ubongo hautaiandika kama hujampitia mbwa hata mmoja ukatoka salama.

Anza na kidogo. Angalia picha ya mbwa mpaka ikuchoshe, siku nyingine simama mbali na mbwa mpole aliyefungwa, ukae hapohapo mpaka uhisi moyo umetulia kiasi ndo uondoke, maana ukikimbia hofu ikiwa juu kabisa unabeba hofu hiyohiyo nyumbani. Ukizoea sogea. Badilisha na sehemu, badilisha na mbwa, kwa sababu hofu husambaa kirahisi lakini usalama ubongo unaufunga na pale ulipojifunzia.

Na lala vizuri, usiku usiolala amigdala inawaka zaidi kesho yake.

Kama kilichokupata ni kubakwa, kupigwa, au ajali iliyoua watu, tafadhali usifanye hizi hatua peke yako, tafuta mtaalamu wa saikolojia akushike mkono.

Hofu ikirudi baada ya miezi, na inaweza kurudi, usiseme umeanza sifuri, ile kumbukumbu ya usalama bado ipo, rudi hatua moja nyuma ukae hapo siku mbili tatu halafu uendelee.